Maswali ya Wasomaji: Urchini wa Maine, Hesabu Zao na Kanuni Zao

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi habari za uvuvi wa urchini wa kijani katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kwa msomaji asiyekuwa na toleo hilo: urchini ni mnyama wa bahari wa mviringo, mwenye ganda gumu lililofunikwa miiba, ambaye ndani yake mna vipande vitano vya tezi za uzazi vinavyoliwa na kupendwa hasa Japani. Uvuvi wa Maine ulipamba moto mwishoni mwa miaka ya 1980, ukafika kilele mwaka 1993 kwa mavuno ya zaidi ya tani 17,000, kisha ukaporomoka hadi kufikia tani 1,000 hivi, na miaka mingine chini ya hapo. Barua zilizotufikia baada ya habari hiyo ni nyingi, na tumechagua zile zinazouliza jambo moja kutoka pande mbalimbali: ni nani ajuaye kilichobaki chini ya maji, na akishajua afanye nini.

Ndugu Mhariri, kama mavuno yameshuka kutoka tani 17,000 hadi tani 1,000, je, ni sahihi kusema kwamba urchini waliobaki ni sehemu moja katika kumi na saba ya wale waliokuwapo? (Mwalimu wa hisabati)

Hapana, Mwalimu, ingawa hesabu hiyo hufanywa mara nyingi na watu wenye nia njema. Mavuno ya mwaka hutokana na mambo matatu yaliyochanganyika: wingi wa wanyama, idadi ya wavunaji, na siku wanazoruhusiwa kwenda baharini. Katikati ya miaka ya 1990 Maine ilikuwa na leseni za urchini zaidi ya 2,000, ilhali siku hizi zimebaki mia chache. Pwani imegawanywa katika kanda mbili, na katika misimu kadhaa wazamiaji wa Kanda ya 1, ile ya kusini-magharibi, walipewa siku zisizozidi 20 kwa mwaka mzima. Kwa hiyo sehemu ya mporomoko ule imeletwa na kanuni zenyewe, na anayegawanya tani kwa tani huihesabu sheria kana kwamba ni kifo cha wanyama.

Tukirudi nyuma hadi miaka ya neema, tarakimu hizo hizo zinadanganya kwa upande wa pili, na udanganyifu huo ndio uliogharimu zaidi. Urchini hasafiri mbali. Akishakaa kwenye mwamba wake, hapo ndipo anapokula na kuzaa. Mzamiaji akimaliza mwamba mmoja, kesho yake hupeleka mashua kwenye mwamba mwingine, sawa na mtu anayechuma matunda kwa kuhama mti hadi mti, ambaye kikapu chake hujaa kila jioni mpaka siku anapofika kwenye mti wa mwisho. Kipimo cha mavuno kwa kila saa ya mzamiaji, ambacho kwa samaki wanaoogelea hutoa dalili mapema kwamba mambo yanaharibika, kwa urchini hubaki juu kwa muda mrefu huku miamba ya nyuma ikiwa mitupu. Tani 17,000 za mwaka 1993 hazikuwa ushahidi wa afya. Zilikuwa ushahidi kwamba mashua nyingi zilikuwa bado zina mahali papya pa kwenda.

Liko pia suala la mwanzo wa hesabu, ambalo mwalimu hakuliuliza lakini linamhusu. Wingi wa urchini uliokutwa mwishoni mwa miaka ya 1980 haukuwa hali ya siku zote. Kabla ya hapo samaki wakubwa wa sakafu ya bahari, waliokuwa wakiwala urchini, walikuwa wamevuliwa kupita kiasi, nao urchini wakaongezeka hadi wakatafuna misitu ya mwani na kuacha mawe yenye ukoko wa waridi tu. Wavunaji wa kwanza walikuwa wakitoa akiba iliyolimbikizwa kwa miaka mingi bila mvunaji, na akiba ya namna hiyo hutolewa mara moja. Kuuchukua mwaka 1993 kama kipimo cha kile ambacho bahari ile inaweza kutoa kila mwaka ni kosa ambalo hakuna modeli, yaani mfumo wa hesabu wa kukadiria akiba, itakayoweza kulirekebisha.

Wataalamu wanawahesabuje wanyama waliojificha chini ya maji baridi na kwenye nyufa za mawe? Je, hesabu hizo zinaaminika? (Mwanafunzi wa sayansi ya viumbe)

Zinaaminika kwa kiasi, na ni vyema kujua kiasi hicho kinaishia wapi.

Idara ya jimbo inayosimamia rasilimali za bahari imekuwa ikifanya upimaji wa kuzamia tangu mwaka 2001. Vituo huchaguliwa kwa bahati nasibu, lakini bahati nasibu iliyopangwa: pwani hugawanywa vipande, na kila kipande hugawanywa kwa vina, ili maji mafupi na maji marefu yote yapate sehemu yake. Mzamiaji huweka fremu ya mraba sakafuni, huhesabu kila urchini aliyemo, kisha huwapima kipenyo cha ganda kwa kipimo cha taya, miiba ikiachwa nje ya hesabu. Kazi inayochosha ni ya wale wadogo. Urchini wa ukubwa wa ukucha hujibanza chini ya mawe na kwenye mizizi ya mwani, na mzamiaji mwenye vidole vilivyokufa ganzi hawezi kugeuza kila jiwe. Matokeo yake, kizazi kipya huonekana katika takwimu miaka kadhaa baada ya kuzaliwa, wakati ambapo uamuzi uliopaswa kukilinda umekwisha kupita.

Tatizo la pili ni kwamba urchini hukaa kwa makundi. Fremu kumi zinaweza kuwa tupu, na ya kumi na moja ikawa na wanyama kiasi cha kupandana. Ukichukua wastani wa fremu hizo utapata namba moja nzuri inayoandikika, lakini upana wa shaka unaoizunguka ni mkubwa. Kisha namba hiyo huzidishwa kwa eneo la mwamba unaowafaa, na eneo lenyewe ni makadirio yaliyotokana na ramani za sakafu. Msomaji anayeona bayomasi, yaani uzito wa jumla wa wanyama, ya kanda nzima imeandikwa kwa tarakimu kamili bila kiwango cha makosa ana haki ya kuuliza maswali.

Hapo ndipo modeli inapoingia. Mwaka 2003 Yong Chen na Margaret Hunter walichapisha tathmini ya akiba ya urchini wa Maine, na miaka miwili baadaye, wakiwa pamoja na Minoru Kanaiwa, waliujaribu mfumo wenyewe wa tathmini. Kujaribu kwa namna hii ni kutengeneza uvuvi wa kubuni ndani ya kompyuta, ambao ukweli wake unaujua, kisha kuuliza kama mfumo wako ungeugundua ukweli huo. Naona hatua hiyo ni ya maana kuliko watu wengi wanavyoipa, kwa sababu tathmini ambayo haijawahi kujaribiwa dhidi ya jibu linalojulikana ni maoni yaliyovishwa tarakimu.

Modeli za urchini hujengwa juu ya ukubwa wa mwili na si umri, na sababu yake ni ya kibaolojia. Samaki wengi wana mfupa mdogo wa sikio wenye mistari ya miaka. Vipande vya ganda la urchini navyo vina mistari, lakini mistari hiyo haifuati mwaka kwa uaminifu. Njia iliyo bora ni kumdunga mnyama dawa ya tetrasaiklini, ambayo hujishika kwenye madini ya ganda na ya taya, kumrudisha baharini, na kumtafuta mwaka unaofuata: chini ya taa ya urujuanimno alama huwaka rangi ya njano, na ukuaji wa mwaka mzima hupimwa kutoka alama hiyo hadi ukingoni. Wanaofanya kazi hii hukuta kwamba wanyama wawili wa ukubwa mmoja, mmoja kwenye mwani na mwingine kwenye mawe matupu, wanaweza kuwa wamepishana umri kwa miaka mingi. Mwenye njaa hukua kidogo sana, na taya zake huwa kubwa kuliko kawaida zikilinganishwa na mwili. Modeli inayotumia kasi moja ya ukuaji kwa pwani nzima inajua jambo hili na bado hailiepuki, kwa kuwa takwimu za kila ghuba hazipo.

Je, ni kweli kwamba urchini huishi miaka mia moja? (Msomaji wa siku nyingi)

Ni kweli kwa urchini mwekundu wa pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada. Thomas Ebert na John Southon walionyesha mwaka 2003, kwa kutumia kaboni yenye mionzi iliyoongezeka baharini kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, kwamba baadhi ya wale wakubwa wamevuka miaka 100. Urchini wa kijani wa Maine ni spishi nyingine, wala asipewe umri huo.

Naelewa kwa nini wadogo wasivunwe. Lakini kwa nini Maine inakataza pia kuvuna wakubwa? Kwa wavunaji wa kawaida hilo ni kinyume cha akili. (Afisa ugavi)

Kanuni ya sasa inaruhusu urchini wenye kipenyo cha kuanzia inchi 2 na sehemu moja ya kumi na sita, yaani milimita 52 hivi, hadi inchi 3, yaani milimita 76. Kipimo cha chini humpa mnyama nafasi ya kuzaa kabla ya kuvunwa. Kipimo cha juu kina sababu mbili, moja ya soko na moja ya uzazi. Sokoni, tezi za wakubwa sana mara nyingi huwa na rangi iliyofifia au umbile lisilopendwa, hivyo hasara kwa mvunaji si kubwa kama inavyodhaniwa. Katika uzazi, mkubwa hutoa mayai au mbegu nyingi kupita kiasi ukimlinganisha na aliyeingia utu uzima juzi.

Pamoja na hayo, nisingependa msomaji aamini kwamba vipimo viwili vinatosha. Urchini hutoa mayai na mbegu majini, na kukutana kwao hutegemea ukaribu. Jaribio lililochapishwa mwaka 1985 kuhusu spishi hii hii lilionyesha kwamba mayai yaliyo ndani ya sentimita 20 kutoka kwa dume mmoja hurutubishwa kwa wingi, na ukipita umbali huo kiwango hushuka ghafla. Wakubwa walioachwa kwa mujibu wa sheria, lakini wametawanyika mmoja hapa na mwingine kule baada ya majirani zao kuvunwa, wanaweza kutoa mayai ya kujaza ndoo na kizazi kisichojaza kiganja. Kanuni ya ukubwa humlinda mnyama mmoja mmoja, ilhali msongamano ndio unaozaa. Liko pia suala la mahali pa kupimia: mzamiaji anayepima sakafuni huwaacha wasiofaa pale pale walipokuwa, na mashua inayokokota chombo cha chuma huwapandisha wote juu, huwachambua sitahani, na kuwatupa wakiwa na miiba iliyovunjika, pengine juu ya matope wasikoweza kuishi.

Ikiwa miamba ni mitupu, kwa nini serikali isichukue urchini mahali walipo wengi na kuwapanda mahali walipokwisha? (Mfugaji wa samaki)

Swali zuri, na limekwisha kujaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maine, Robert Steneck na wenzake, walihamisha makumi ya maelfu ya urchini wakubwa na kuwapanda kwenye maeneo yaliyokuwa yamevunwa hadi kuisha. Mwanzoni yote yalikwenda vizuri na urchini walianza kula mwani. Baadaye kaa wakubwa wa spishi iitwayo Cancer borealis waliingia kwa wingi wakawamaliza.

Kwa nini kaa hao hawakuwa tatizo zamani? Hapa mnyororo mzima unaonekana. Urchini walipovunwa, mwani ulirudi kwa kasi na kufunika mawe. Ndani ya mwani huo hujificha kaa wadogo na wanyama wengine wadogo wala nyama, na viluwiluwi vya urchini vinavyotua hapo huliwa kabla havijafikia ukubwa wa punje ya mahindi. Kaa nao hukua wakiwa salama, kwa kuwa samaki wakubwa waliokuwa wakiwala walikwisha kuvuliwa miongo kadhaa nyuma. Aliyewaondoa urchini ameufunga mlango kwa nje, na kuwarudisha hakuufungui. Kanda ya 1 ni kielelezo kichungu zaidi: viluwiluwi hutua kwa wingi zaidi upande huo wa kusini-magharibi kuliko mashariki, na bado ndiko uvuvi ulikoporomoka kwanza na kwa kina zaidi. Sehemu kubwa ya mavuno yaliyobaki sasa hutoka mashariki ya mbali, hasa katika Ghuba ya Cobscook.

Kwa mfugaji, somo hili lina upande wa fedha pia. Kupanda urchini kunaweza kufanikiwa ikiwa mpandaji yuko tayari kuwaondoa kaa kwa mitego mwaka hadi mwaka, na gharama hiyo inapaswa kuwekwa kwenye hesabu tangu siku ya kwanza badala ya kugunduliwa msimu wa pili.

Mimi nimezamia kwa riziki maisha yangu yote. Kila akiba ikipungua, wataalamu hupunguza siku zetu. Je, hakuna njia nyingine ya kusimamia ila kutufungia bandarini? (Mzamiaji mstaafu)

Mzee wetu, malalamiko yako yana msingi, na nitayajibu kwa urefu.

Kupunguza siku ni kanuni rahisi kutangaza na rahisi kukagua, ndiyo maana hupendwa. Udhaifu wake ni kwamba siku si kipimo cha wanyama. Mvunaji mwenye siku chache huzitumia zote, hali ya hewa iwe nzuri au mbaya, na huelekea moja kwa moja kwenye mwamba wenye faida ya haraka. Siku zikikatwa nusu, mavuno hayakatiki nusu. Mgao wa jumla kwa kanda nzima nao huwa na kasoro yake: huleta mbio, kila mmoja akitaka kuchota kabla ya mwenzake.

Sehemu nyingine zimejaribu njia tofauti. Katika British Columbia, upande wa Pasifiki wa Kanada, wavunaji wa urchini mwekundu waliingia kwenye mgao wa leseni moja moja katikati ya miaka ya 1990, na kiasi cha kuvunwa hupangwa kwa maeneo madogo kwa kufuata upimaji wa kuzamia. Mbio ziliisha, kwa sababu hakuna anayeweza kuchukua sehemu ya mwenzake. Katika Nova Scotia, upande wa Atlantiki, njia ilikuwa ya kijasiri zaidi: baadhi ya wazamiaji walipewa maeneo ya kuvuna peke yao, kwa sharti kwamba waonyeshe wanayatunza. Mwenye eneo lake hujifunza kuvuna ukingoni, pale kundi la urchini linapokutana na mwani. Wanaokula vizuri ukingoni huwa na tezi nono zenye rangi nzuri, ilhali wale wa katikati ya mawe matupu huweza kuwa wengi sana na ndani yao hakuna cha kuuza. Kwa kuwavuna kwa kiasi kinachofaa, mvunaji huuzuia ukingo usisonge mbele na kuumaliza mwani, wala usirudi nyuma hadi urchini waishe. Hayo ni maarifa ambayo tathmini ya kanda nzima haina nafasi ya kuyaweka, na mzamiaji anayeurudia mwamba ule ule kila mwaka anayo bila kufundishwa.

Sisemi kwamba Nova Scotia imepata dawa. Huko urchini wamekufa kwa wingi zaidi ya mara moja kutokana na ugonjwa unaoletwa na kijidudu Paramoeba invadens, ambao hufuatana na maji ya joto na dhoruba kubwa, na mwenye eneo hana ukuta wa kuuzuia. Tena katika Maine, ambako pwani imezoeleka kuwa ya wote wenye leseni, kumpa mtu mmoja mwamba wa peke yake ni jambo la siasa nzito.

Hata hivyo, kati ya kanda mbili zenye mamia ya kilomita na mwamba wa mtu mmoja kuna nafasi kubwa ya katikati, na hapo ndipo ningependa kuona usimamizi ukienda: ghuba kwa ghuba, kila ghuba na kiasi chake cha kuvunwa, baadhi zikifungwa kabisa ili makundi ya kuzaa yabaki yamesongamana. Vyombo vya kuanzia vipo. Maine ina Baraza la Kanda za Urchini, ambamo wavunaji, wanunuzi na wanasayansi huketi pamoja na kuishauri idara, na wenye leseni wamekuwa wakilipa ada ya ziada inayoingia kwenye mfuko wa utafiti. Kinachokosekana ni upimaji wa kutosha ndani ya kila ghuba, kwani vituo vinavyotosha kukadiria hali ya kanda ni vichache mno ukivigawa kwa ghuba moja moja.

Watu wa kuifanya kazi hiyo ni wazamiaji wenyewe, wakifundishwa kuweka fremu, kupima na kuandika, na wakilipwa kwa siku hizo kama wanavyolipwa wataalamu. Pingamizi la kawaida ni kwamba mvunaji atapendelea fremu zenye wanyama wengi. Linajibika: vituo vichaguliwe na idara, sehemu yake vipimwe mara mbili na watu wasiojuana matokeo, na mwenye takwimu zinazopishana mno na za mwenzake arudiwe.

Majibu haya yameandaliwa na dawati la sayansi la jarida hili. Maswali ya toleo lijalo yanapokelewa hadi mwisho wa mwezi. Tafadhali andika swali moja kwa kila barua.